Mahari ya Kiingereza

Mbeya,
20 Julai 2025

Kaka Ibrahimu, shikamoo.

Baba mdogo niliyemtuma kuniposea karudi na karatasi yako na mpaka sasa hajala vizuri. Anasema hapo Kihesa mlimkalisha barazani juani, hata maji hakupewa. Halafu ukatoka na wale wazee jirani zako, ukasimama, ukamsomea Kiingereza. Mzee wa watu alidhani unamsomea hati ya polisi.

Ulipomaliza, ukawageukia wazee ukasema, "Hii ndiyo mahari ya dada yangu. Misemo ya Kiingereza, ya pesa na gharama. Kijana ajifunze, aje aiseme hapa kwa mdomo wake na maana zake, tumwozeshe." Wazee wakacheka. Baba mdogo na yeye akacheka, anasema hakujua aufanye nini uso wake.

Nakuandikia mwenyewe kwa sababu namba yangu umeifungia, simu ya Ruwaida haipatikani, na baba mdogo kasema huko harudi hata akilipiwa ndege. Barua hii nampa kondakta, ataiacha Ipogolo kwa wakala wa basi.

Mimi siyo mtu wa kuongea, unajua. Ulipokuja Mbeya kumchukua Ruwaida kwa shangazi yenu alipomaliza chuo, mimi ndo nilibeba masanduku yake mpaka stendi. Ulinipa hela ya soda. Nilikuwa nishakubaliana na dada yako tuoane, wewe hujui, na nikaona nikifungua mdomo hata kusema asante itatoka yote. Kwa hiyo nikanyamaza. Ukasema, "Huyu bubu?"

Sasa nakuuliza kitu kimoja tu. Hiyo mahari kaitaja Ruwaida mwenyewe? Maana mahari ni yake, siyo yako. Kama kaitaja yeye, nitajifunza. Niliishia darasa la tano, na mwaka huo mwalimu wa Kiingereza alikuwa ndo huyo huyo wa hesabu na wa michezo, sana sana tulicheza mpira. Lakini nitajifunza.

Mimi,
Hamza


Iringa, Kihesa
24 Julai 2025

Kijana Hamza,

Waaleikum salaam, ingawa hukuitoa.

Kwetu mtu hajiposei. Posa ina mshenga, na mshenga ndiye ulimi wa muoaji. Hata masikini wa mwisho hukopa mjomba akamtuma. Wewe umeshuka kwenye gari la saruji, vumbi bado liko kwenye nyusi, ukashika kalamu ukamwandikia mlezi wa binti kana kwamba unamwandikia mwenzio wa kijiweni. Hayo tunayasamehe. Asiyefunzwa hajui kwamba hajui.

Ndiyo, Ruwaida ndiye aliyetaja. Unashangaa nini? Mimi napokea wageni wanaokwenda mbugani Ruaha. Dada yangu anakaa mapokezi, anaongea na Wazungu habari za bei kuanzia asubuhi. Siku mgeni akikukuta wewe pale, akakwambia chumba ni ghali, utamjibu nini? Utapanda juu ya gari ujifunike turubai?

Mahari ni haki ya mwanamke. Anaweza kutaka msahafu, anaweza kutaka ng'ombe, anaweza kutaka elimu. Kamuulize ustadhi wako, kama unaye. Nasikia kwenu nusu msikitini, nusu kanisani.

Muda wako ni kabla ya Maulidi. Anza na ule mwepesi: "Money doesn't grow on trees." Pesa haioti mtini. Utawafaa watu wa huko mnaodhani mke anachumwa kama ndizi.

Ibrahimu


Mbeya,
3 Agosti 2025

Kaka Ibrahimu,

Assalaam aleikum. Leo nimeitoa.

Huo mwepesi nimempelekea mama yangu, Damari, huko Tukuyu. Ndiyo, mama yangu ni wa kanisani, na marehemu baba alikuwa wa msikitini, walikaa nyumba moja na hawakuwahi kutukanana kama unavyonitukana. Mama ana miti yake ya parachichi. Nilipomwambia Wazungu wanasema pesa haioti mtini, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mwee! Sasa haya mabati anadhani yameota wapi? Mwambie huyo mtu wa Iringa aje msimu wa kuchuma, nimpe ngazi."

Anayenifundisha ni Mama Sakerbanu, mke wa Bwana Shabbir mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mimi ni utingo wa gari lao, napakia na kushusha. Yeye alisoma zamani shule ya Kiingereza, na hana huruma hata kidogo. Anakaa pale kwenye droo ya hela, mimi nimesimama mbele ya mabomba, wateja wanasikia.

"Sema!"

Nasema.

"Nani huyo ameongea? Panya? Sema na yule wa mlangoni asikie!"

Nasema tena. Yule wa mlangoni anageuka kuniangalia, jasho linanitoka kama nimebeba nondo.

Ule wa kitu ghali, "It costs an arm and a leg," kwamba kinagharimu mkono na mguu, nilimuuliza, "Mama, mkono upi?" Akasema, "Arre! Wewe unauliza kama unapelekwa kukatwa. Wowote!" Aroni, dereva wetu, aliusikia huo akazima redio. Akasema hao waliousema hawajawahi kusimama Igawa siku malori yamegongana. Ukishaona mkono na mguu vimelala kwenye lami, anasema, huwezi kuvitumia kutajia bei ya viatu.

Ule wa kulipa kupitia puani, kwamba umelipishwa kupita haki mpaka unaumia, huo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Tangu baba mdogo arudi kutoka kwako ndo tunavyolipa.

Lakini kuna huu wa kuleta bacon nyumbani. Mama Sakerbanu aliusoma akavua miwani.

"Nani kakupa huu?"

"Shemeji."

"Ni Mwislamu?"

"Ndiyo. Anaswali."

"Hamza, bacon ni nguruwe. Nyama ya nguruwe. Unakwenda kusimama mbele ya wazee wa msikiti useme wewe ni mwanaume wa kuleta nguruwe nyumbani?"

Halafu akanieleza kwamba kwa Wazungu maana yake ni kuhangaika mpaka riziki ifike nyumbani. Nimeelewa. Lakini riziki yangu sitaiita hivyo, hata kama ni mchezo wa maneno. Na nimekaa nikawaza. Ruwaida hawezi kuuweka huo. Ruwaida alikuwa akija kununua soseji duka la jirani, anasoma pakiti mbele, anasoma nyuma, anauliza imechinjwa na nani. Mimi nilikuwa namwona.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo. Aniandikie mstari mmoja, kwa mkono wake, kwamba mahari yake ndiyo hii. Hata matusi, mradi mwandiko uwe wake.

Hamza


Iringa,
8 Agosti 2025

Kijana,

Huo wa nguruwe uondoe. Ile orodha niliitoa mtandaoni, mambo ya haraka haraka, sikukagua. Usijifanye mcha Mungu kwa kosa la mtandao.

Ruwaida hana nafasi ya kuandikiana na wanaume. Ana wageni. Na mimi kesho naelekea Dar es Salaam kwa kazi, nitakuwa huko karibu mwezi mzima, kwa hiyo usihangaike kuandika.

Jifunze. Ndiyo kazi uliyopewa.

Ibrahimu


Mbeya,
17 Agosti 2025

Ibrahimu,

Shikamoo leo sikupi.

Dar es Salaam ipo mashariki. Mimi sijasoma lakini barabara naijua. Sasa wewe mtu wa Dar ulikuwa unafanya nini Igawa siku ya Jumatano, upande huu wa kuja Mbeya?

Tulikuwa tumepeleka saruji. Gari letu lilisimama pale pale kwenye maduka ya mchele, Aroni kashuka kutafuta chai, mimi niko juu nimelala kwenye mifuko nangoja zamu ya kushusha. Likaja lori kubwa jekundu, limeandikwa Selemani mlangoni kwa rangi ya dhahabu. Mkashuka wawili. Wewe na mwenye lori. Ulikuwa umevaa ile kanzu yako ya safari, na kofia. Ulipita chini yangu kabisa. Hukuinua macho. Utingo hakuna anayemwangalia, ni kama mzigo mwingine tu, na mimi hiyo nimeizoea na inanifaa.

Mlichagua mchele mrefu. Ulichota kiganjani, ukaunusa, ukapulizia. Yule mama muuzaji akauliza, "Wa kula nyumbani, baba?" Selemani akasema, "Wa shughuli, mama. Wa harusi. Pilau ya watu." Halafu akakugeukia akakwambia, "Shemeji, nichukue na mwingine? Ndugu wa Ruwaida ni wengi?"

Nililisikia hilo jina wazi kama ninavyoliandika hapa.

Kisha akasema, "Na yule wa Mbeya, bado anasoma?"

Wewe ukacheka. Ukasema, "Mwache asome. Kiingereza hakiishi."

Mkapandisha magunia, mkaondoka. Mimi nikabaki nimelala. Aroni alirudi akanikuta nimeminya mfuko mpaka umepasuka, saruji imemwagika mkononi. Akaniuliza nini, nikamwambia tulipofika Chimala.

Sasa nimeelewa mahari yako. Ungenikataa kwa mdomo, Ruwaida angeuliza kwa nini umemkataa, na mngegombana. Kwa hiyo hukunikataa. Umenipa kazi isiyo na mwisho ili nikae huku nakariri mambo ya pua na mikono, wakati wewe unanusa mchele.

Lakini umekosea kwenye jambo la kwenu wenyewe, wewe mtu wa adabu. Ijumaa baada ya swala nilimfuata ustadhi. Kuongea nilishindwa, nikaandika kwenye simu nikampa asome. Amesoma, ameniuliza maswali, nimetikisa kichwa. Akasema mtu haposi juu ya posa ya mwenzie mpaka wa kwanza akataliwe au aachie mwenyewe. Akasema tena, mlezi akishataja mahari mbele ya mshenga na mashahidi, na muoaji akaipokea, ameshakubali. Hakuna anayemtajia mtu mahari halafu aseme hakumkubali.

Wewe ulitaja. Barazani kwako. Wale wazee uliwaita mwenyewe ili waje kucheka. Ndiyo mashahidi.

Mimi sijaachia.

Hamza


Iringa,
20 Agosti 2025

Wewe utingo,

Unalala juu ya mifuko unasikiliza mazungumzo ya watu wazima, halafu unakuja kunifundisha dini! Panya wa ghala ana haya kuliko wewe.

Nisikilize sasa, sitarudia. Ile haikuwa mahari. Ule ulikuwa mzaha. Kila aliyekuwa barazani alijua ni mzaha, hata huyo baba yako mdogo alicheka, umeandika mwenyewe. Unadhani mimi ningemtoa dada yangu kwa misemo? Baba yetu alipofariki Ruwaida alikuwa mtoto wa shule. Nani alimsomesha? Nani aliuza shamba la Ipogolo amalize chuo? Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unabeba mabomba. Na leo kazi yangu yote nikuletee wewe, ukamlishe nini, vumbi la saruji? Akae kwenye chumba cha kupanga Mbeya, anakungoja urudi mweupe kama mzuka?

Selemani ana malori, ana nyumba, ana adabu. Hakunijia na karatasi. Alikuja na wazee wake, wakavua viatu, wakakaa.

Pesa ni sabuni ya roho, na mkono mtupu haulambwi. Hizo ni zetu, hazihitaji mkalimani. Na kama unataka ya Kiingereza moja ya mwisho, bure, ni hii: "Beggars can't be choosers." Ombaomba hachagui.

Kwa barua hii nimekukataa. Ruwaida mwenyewe ameshamkubali Selemani, aliniambia kwa mdomo wake. Ndoa ni Ijumaa ya Maulidi. Ukionekana Kihesa nitakuitia vijana.

Ibrahimu


Kihesa,
26 Agosti 2025

Hamza,

Usifurahi kuona mwandiko wangu. Nimekasirika na sijui nianze na nani, wewe au kaka, na kwa kuwa kaka nimeshamwambia yake, yako ni haya.

Barua yako ya Igawa kaka aliisoma kwa sauti mezani, tunakula, mimi na wifi. Alidhani nitacheka. Alipofika pale kwenye mchele wa harusi alikuwa anaigiza sauti ya mtu mjinga. Mimi nikaacha kula. Nikamwambia, "Kaka, Kiingereza gani?" Akaendelea. Nikamuuliza tena, "Kiingereza gani, kaka?" Wifi akainuka akaenda jikoni.

Mimi sikutaja misemo. Baba mdogo wako alipokuja nilikuwa ndani, niliulizwa mahari nikasema msahafu na oveni. Oveni ya gesi, hata ya mtumba, nioke mikate yangu niache kukaa mapokezi. Kaka akatoka. Aliporudi akaniambia wewe umetajiwa hayo, na siku chache baadaye akasema umetuma jibu kwamba oveni ni ghali, unaomba ufikirie. Ghali! Nilikuwa nalia huku natandika vitanda vya wageni. Simu yangu kaka alisema imeharibika, ameipeleka kwa fundi. Na wewe kimya. Wiki zikapita, kimya. Alipokuja Selemani nilikuwa na hasira, nikamwambia kaka, "Fanya unavyotaka." Hilo ndilo analoliita nimekubali.

Sasa wewe. Umelala juu ya mifuko ya saruji, unasikiliza watu wanapima mchele wa harusi yangu, na hukushuka? Kaka yangu amesimama chini yako, Hamza! Ungemwangushia hata mfuko! Unaona kila kitu, unasikia kila kitu, halafu unakwenda nyumbani kuandika. Mimi sikukupenda kwa sababu hukuongea. Nilidhani siku ikifika utaongea.

Nimefanya lako na langu. Nimekwenda kwa shehe, yule wa msikiti wetu, nikakaa nje mpaka akanipokea. Nimemweleza yote. Ameuliza swali moja tu: nani alisikia mahari ikitajwa? Nikamwambia baba yako mdogo na wale wazee wawili. Mzee mmoja ameshaitwa, amesema ukweli, kwamba Ibrahimu alitamka neno mahari na hakuna aliyemwambia ni mzaha mpaka wiki iliyopita.

Shehe amesema mlezi hana ruhusa ya kumzuia binti bila sababu, na mahari hailetwi kama kichekesho. Lakini hajaamua. Ameita pande zote Jumapili baada ya adhuhuri, msikitini. Kaka atakuwepo na Selemani pia. Baba yako mdogo aje atoe ushahidi. Na wewe uje useme mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba unanioa na utanitunza vipi. Shehe kasema wazi kwamba hapokei karatasi na hapokei mtu wa kukusemea, kwa sababu kaka amemwambia wewe ni bubu na punguani, na anataka akuone.

Ukikaa kimya Jumapili, kaka atakuwa amesema kweli, na mimi Ijumaa naozeshwa. Sitakulaumu mbele za watu. Nitakula pilau yangu na kwenye moyo wangu utakuwa umekufa.

Hii anaiweka kwenye basi Gloria, anayefua mashuka hapa. Usijibu, itakamatwa. Njoo.

Ruwaida


Mbeya,
30 Agosti 2025, asubuhi

Ibrahimu,

Hii naituma na basi la kwanza ili ikufikie kabla yangu. Wewe ulipitia Igawa kwa siri. Mimi nakwambia mapema: nakuja. Waite hao vijana wako kama unataka, ila uwaite msikitini, maana sipiti kwako.

Umesema Ruwaida mwenyewe alimkubali Selemani. Sasa najua alikuwa ameambiwa nini, na nani alimwambia. Ulimwambia mimi nimeona oveni ni ghali. Nakaa hapa najiuliza mtu anawezaje kumwangalia dada yake analia na mashuka mkononi, halafu akaenda kuchagua mchele. Shamba la Ipogolo uliliuza kwa ajili yake, sawa, na mimi siwezi kukulipa hilo, hata Selemani hawezi. Lakini ukishamsomesha mtu kwa shamba, unamwachia akili uliyomnunulia. Humfungii simu.

Ile oveni ipo. Nimeitafuta sokoni Mwanjelwa tangu juzi niliposoma barua yake, nimeipata mtumba, mguu mmoja una kutu na mlango unalia. Mama Sakerbanu ameiwasha mwenyewe pale uani, akaokea mkate, akaula, akasema moto uko sawa pande zote. Bwana Shabbir alisimama pembeni akanung'unika kwamba duka limegeuka jiko. Tumeifunga kwa kamba kwenye gari. Basi lilikataa kuichukua, ndo maana na mimi nakuja na lori. Gari linakwenda Mafinga kubeba mbao, Aroni atanisogeza mpaka Ipogolo.

Na ile mahari yako ya mzaha nayo naileta. Nimejua ile ya pua, ya mkono na mguu, ya mti, na nyingine chache. Zingine zinanitoroka, nikizishika asubuhi mchana hazipo. Ya nguruwe sisemi. Ile ya ombaomba uliyoniandikia mwishoni sikuipeleka kwa Mama Sakerbanu, niliielewa peke yangu. Shehe akisema mahari iliyotajwa mbele ya mashahidi ndiyo mahari, nitasimama nizitaje hivyo hivyo, kwa Kiingereza changu cha juu ya gari, mcheke mkimaliza mniambie. Nimeshachekwa na wanunuzi wa misumari wa mji mzima.

Ninachokiogopa siyo wewe. Tangu nisome barua ya Ruwaida nimekuwa najaribu kusema maneno kwa sauti. Jana nimejaribu mbele ya baba mdogo. Nilisema, "Mimi Hamza namtaka Ruwaida," nikakwama hapo. Baba mdogo akangoja. Ni mzee mvumilivu, ndiyo maana uliweza kumwacha juani. Akaniambia, "Endelea, mwanangu, mimi siendi popote." Ilichukua muda. Nilipofika mwisho sauti ilikuwa mbaya, ilikuwa kama ya mtu anayegombana. Akasema inatosha, kwamba shehe hakuomba kaswida.

Pengine Jumapili itakwama tena. Pengine nitasimama pale, wewe unaniangalia, Selemani anaangalia saa, na Ruwaida yuko nyuma ya pazia na wanawake ananisikiliza nisivyosema. Nimeshaliona hilo, mimi kazi yangu ni kuona. Nakuja hivyo hivyo. Nikishindwa nitakuwa nimeshindwa mbele yake, nimesimama, siyo nimelala juu ya mifuko.

Usiende kuongea na wale wazee kabla yangu. Mmoja keshasema.

Nilikuwa na mengine ya kukwambia lakini baba mdogo keshapanda mbele, kanzu ameikunja kwenye mfuko wa nailoni isishike vumbi, na Aroni anapiga honi anatukana kwa Kinyakyusa. Pale mizani ya Makambako malori yanapanga foleni kuanzia mchana, tukiikuta tutalala hapo hapo, na mimi adhuhuri ya kesho lazima niwe msikitini kwenu nimeshaoga. Kwa hiyo naacha. Naondoka sasa.

Hamza